Kutoboa Siko Kuteka: Hotuba juu ya Visima vya Mafuta vya Ziwa Albert

(Hotuba hii ilisomwa mbele ya wanachama na ndugu yetu mwenye duka Buhigwe, Mkoa wa Kigoma, alipokuja kuwazuru jamaa zake. Tunaichapa kama alivyoisoma.)



Nimetakiwa niseme nanyi juu ya mafuta, na mimi si mhandisi wala si mwanasheria. Elimu yangu ni ya chuoni kwa mwalimu, na baada ya hapo ni ya mizani na daftari la duka. Lakini mwenye duka, apende asipende, hujifunza jambo moja, nalo ni kutenga baina ya mali iliyomo dukani na mali iliyo njiani. Tokea nishuke chomboni nimesikia maneno mengi juu ya mafuta ya visiwa vyetu, na sehemu kubwa ya maneno hayo ni ya mali iliyo njiani, yakisemwa kana kwamba mali imo dukani na imeshapimwa. Kwa hivyo nimeona niwaeleze khabari za pahala ambapo jambo hili limekwenda mbele zaidi kuliko kwetu, nako ni Ziwa Albert katika nchi ya Uganda, ili tupate kuona kwa macho ya wenzetu yale ambayo sisi tungali tukiyaota.

Kwanza nikwambieni ilivyokuwa hata nikashughulika na jambo hili. Buhigwe niliko ni nchi ya milima, baina ya Kasulu na mpaka wa Burundi. Ilikuwa ni sehemu ya Wilaya ya Kasulu mpaka ilipofanywa wilaya mbali mwaka 2012. Wenyeji wake ni Waha, watu wa maharage, mahindi, migomba na kahawa, na baridi yake ya alfajiri humfanya mtu wa Pemba alitafute koti ambalo kwao hakuwa nalo. Huko ukisema "mafuta" bila ya kuongeza neno, watu hufahamu mawese, ambayo hukamuliwa kwa chikichi za huko chini karibu na Ziwa Tanganyika na kupandishwa milimani kwa madumu. Mafuta ya taa, petroli na dizeli hutajwa kila moja kwa jina lake, na hutajwa kwa kuguna, kwani hufika huko yakiwa yameshasafiri kutoka Dar es Salaam nchi nzima kwa lori. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei za mwisho za mafuta kwa kila mji, nasi wa Kigoma huzisoma bei zetu na za watu wa Dar es Salaam, kisha tukaikunja karatasi. Mpaka mwaka 2022 miji ya Kasulu na Kibondo ilikuwa ikiwashiwa taa zake kwa mashine za dizeli. Basi mafuta kwetu huko hayakuwa jambo la wenye magari peke yao.

Siku moja mteja wangu, mkulima wa kahawa mwenye pikipiki yake, aliniuliza: "Mpemba, hili bomba la Uganda likishapita, petroli si itashuka bei?" Nami, kwa kuwa nilikuwa nikipima sukari na watu wamesimama, nikamjibu, "Itashuka, kwa nini isishuke?" Akaenda zake amefurahi. Usiku nilipofunga duka nikajiuliza nimemjibu kwa elimu gani, nikaona sina. Nikaanza kusoma magazeti na taarifa, nikawauliza madereva na walimu, na kila nilipozidi kusoma nikazidi kuona kwamba nilimdanganya yule bwana. Nimekuja hapa nyumbani nikasikia jibu lile lile langu la haraka likitolewa barazani, na safari hii wanaolitoa ni watu wenye kalamu.

Khabari za mafuta ya Ziwa Albert si za jana. Katika miaka ya 1920 mtaalamu wa mawe wa serikali ya kikoloni, E. J. Wayland, alizunguka katika bonde lile akaandika pahala 52 ambapo mafuta yalikuwa yakichuruzika wenyewe juu ya ardhi. Mwaka 1938 kikatobolewa kisima cha kwanza huko Waki, karibu na Butiaba. Mafuta ya kuuzwa hayakupatikana, vita vikaja, na watu wakasahau. Si mpaka mwaka 2006, katika kisima cha Mputa, ndipo serikali ya Uganda ilipotangaza kwamba mafuta ya biashara yameonekana. Tazameni basi: mafuta yalionekana kwa macho juu ya ardhi, na bado ikapita miaka 80 baina ya kuyaona na kuyapata. Nasi hapa mtu akiona utando wa rangi juu ya maji ya bwawa, jioni ameshagawa fedha.

Na baada ya mwaka 2006 msidhani kwamba mambo yalikwenda mbio. Mwaka 2010 kampuni moja, Heritage, iliiuzia nyenziwe, Tullow, hisa zake kwa dola bilioni 1.45, serikali ikadai kodi yake ya zaidi ya dola milioni 400, na kesi ikapelekwa kuamuliwa London. Kisha ukaja mjadala wa mtambo wa kusafishia mafuta, ujengwe mkubwa au mdogo. Kisha ukaja mjadala wa njia ya bomba, lipite Kenya au lipite Tanganyika. Mwaka 2016 ikachaguliwa Tanga. Agosti 2017 marais wawili, Magufuli na Museveni, wakaweka jiwe la msingi Chongoleani. Mwaka 2020 Tullow nayo ikachoka, ikauza hisa zake zote kwa Total kwa dola milioni 575. Tarehe 1 Februari 2022 ndipo makampuni mawili yaliyobakia, TotalEnergies ya Ufaransa na CNOOC ya China, pamoja na serikali, yalipotangaza kwamba sasa fedha zitatolewa kweli. Na mwezi wa Januari 2023 ndipo mtambo wa kutobolea visima vya kutoa mafuta ulipoanza kazi, katika eneo la Kingfisher, kando ya ziwa. Mwaka 2025 ulikuwa umetajwa kuwa ni mwaka wa pipa la kwanza. Ukapita, na ahadi ikasogezwa mbele.

Nimezitaja tarehe hizi moja moja kwa makusudi. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2006, siku kisima cha Mputa kilipotangazwa, alikuwa kijana wa kupiga kura kabla ya pipa hata moja la mafuta yale halijauzwa.

Sasa natuangalie kazi yenyewe ya kutoboa, kwani watu wengi hudhani kisima cha mafuta ni kama kisima cha maji, unachimba kimoja ukakaa ukingoni na ndoo. Ziwa Albert lina maeneo mawili ya kazi. La Kingfisher, la CNOOC, limepangiwa visima 31. 20 ni vya kutoa mafuta na 11 ni vya kurudisha maji chini. Visima hivyo hutobolewa kutoka nchi kavu, kisha vikapinda chini ya ardhi vikaingia chini ya ziwa, ili mtambo usikae majini. Eneo la pili ni Tilenga, la TotalEnergies, ambalo lina visima zaidi ya 400 vilivyopangwa katika viwanja 31, na baadhi ya viwanja hivyo vimo ndani ya hifadhi ya wanyama ya Murchison Falls.

Mtauliza, maji ya nini? Hapa ndipo penye siri ya biashara yote hii. Mafuta hayakai chini kama maji katika birika. Yamo ndani ya mawe, katika vitundu vidogo mno, kama maji ndani ya sponji, nayo yamebanwa na uzito ulio juu yake. Unapotoboa, mbano ule huyasukuma yakapanda, kama soda iliyotikiswa inavyoruka unapoifungua kizibo. Lakini soda huruka mara ya kwanza tu. Kila pipa linalotoka hupunguza nguvu ya kulitoa pipa lijalo. Ndipo wataalamu hutoboa visima vingine vya kusukumia maji chini, ili maji yachukue pahala pa mafuta na kuyasukuma yaliyosalia. Baada ya miaka maji yale yale huanza kurudi pamoja na mafuta, kwanza kidogo, kisha mengi, mpaka siku ambayo mwenye kisima huona anatoa maji zaidi kuliko mafuta, na gharama ya kuyatenga inakula faida. Kwa hivyo kila kisima duniani, cha Uarabuni na cha Afrika, kina ujana wake na uzee wake. Na mara nyingi ujana wake ni mfupi.

Hesabu za Ziwa Albert ni hizi. Mafuta yaliyomo chini hukisiwa kuwa ni mapipa bilioni 6.5. Ukisikia mwanasiasa akiitaja hesabu hiyo, mwulize ya pili, ambayo ni mapipa bilioni 1.4, nayo ndiyo yanayotazamiwa kuweza kutolewa. Yaani katika kila pishi tano zilizomo, ni moja tu na kitu kidogo itakayofika juu. Zilizobakia zitabakia katika mawe. Kipimo cha juu cha kila siku, maeneo yote mawili yatakapokuwa katika ujana wao, ni mapipa 230,000. 190,000 kutoka Tilenga na 40,000 kutoka Kingfisher. Basi mimi nikachukua penseli ya duka nikagawa bilioni 1.4 kwa 230,000. Nikapata siku 6,087 pungufu kidogo, na siku hizo ni miaka 16 na miezi minane. Kwa kuwa kipimo cha juu hakidumu, bali hukaa miaka michache kikaanza kushuka, mafuta yataendelea kutoka kwa miaka zaidi ya hiyo, lakini kila mwaka kwa uchache kuliko uliotangulia. (Na pipa lao si pipa letu la dukani la lita 200, pipa la hesabu za mafuta ni lita 159. Nimemwona mtu mzima mwenye shahada akikosea hapo.)

Linganisheni na mkarafuu. Mkarafuu humngojesha mwenyewe miaka sita, saba, au zaidi kabla ya kumpa mazao ya maana, na wazee wetu waliingojea. Lakini ukishaanza, huzaa yeye, akazaa mwanawe, akazaa mjukuu, maadamu unapaliliwa. Kisima cha mafuta humngojesha mtu miaka zaidi ya mkarafuu, kisha kikampa mara moja. Sisemi kwamba mkarafuu ni bora kuliko mafuta. Nasema kwamba mwenye kuuacha shamba lake liote pori kwa kutazamia kisima, amebadilisha asichokifahamu kwa alichokuwa nacho.

Sasa lile bomba. Urefu wake ni kilomita 1,443, kutoka Hoima mpaka Chongoleani, Tanga. Na katika hizo kilomita 1,147 zimo upande wa Tanzania. Hupita Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara na Tanga. Kigoma halipiti. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi, na yakipoa hugandamana kama samli ya asubuhi; kwa hivyo bomba zima hutiwa joto lisipungue digrii 50 njia nzima. Nauli iliyotajwa katika mapatano ni dola 12.77 kwa kila pipa. Wenye bomba ni TotalEnergies kwa sehemu 62 katika mia, shirika la mafuta la Uganda 15, shirika letu la TPDC 15, na CNOOC 8.

Madhara ya mafuta yenye nta hayakuonekana Uganda, yameonekana Sudan ya Kusini, na khabari yake yafaa tuijue. Nchi ile ilipopata uhuru Julai 2011 ilikuwa ikitoa kiasi cha mapipa 350,000 kwa siku, na karibu fedha zote za serikali yake, tisa katika kila kumi na zaidi, zilitokana na mafuta hayo. Lakini bomba lake hupita katika nchi ya jirani, Sudan, mpaka Bahari ya Sham. Januari 2012 majirani hao waligombana juu ya nauli, na Sudan ya Kusini ikavifunga visima vyake kwa zaidi ya mwaka. Vilipofunguliwa, vita vikaja. Na kipimo kile cha mapipa 350,000 hakikurudi tena. Kisha Februari 2024, Sudan yenyewe ikiwa vitani, bomba kubwa liliziba na kupasuka kwa kukosa matunzo na moto wa kuyatia mafuta joto, na sehemu kubwa ya mafuta ya nchi nzima ikasimama mpaka mwaka 2025. Watumishi wa serikali walikaa miezi bila ya mishahara. Nchi iliyo na mafuta chini ya miguu yake ilishindwa kumlipa mwalimu, kwa sababu kitu kilichoganda njiani hakikuwa chini ya mkono wake.

Nimjibu basi mteja wangu wa Buhigwe, ijapokuwa hayupo. Petroli haitashuka kwa sababu ya bomba. Kitakachopita ndani yake ni mafuta ghafi, ambayo pikipiki haiyanywi. Mtambo wa kusafishia wa Dar es Salaam, TIPER, uliofunguliwa mwaka 1966, uliacha kusafisha mwishoni mwa miaka ya 1990. Na wa Mombasa uliacha mwaka 2013. Uganda inakusudia kujenga wake, wa mapipa 60,000 kwa siku, na ukisimama huenda watu wa Kigoma wakapata nafuu ya njia fupi. Bali mafuta yatakayofika Tanga yatapanda meli yakaenda kusafishwa kwa watu, na petroli ya Buhigwe itaendelea kuja kwa meli kutoka huko huko Ghuba, ikapanda lori, ikapanda milima. Nilirudi nikamweleza hivyo, naye akanambia, "Basi ungelinambia siku ile, nisingekopa pikipiki ya pili." Nilifadhaika, kwani kumbe neno nililolisema juu ya mizani ya sukari alilitia katika hesabu zake.

Mabwana na mabibi, juu ya hayo yako maziwa ambayo hayakutoa hata hicho kidogo. Ziwa Tanganyika, tunaloshukia sisi kutoka milimani, limo katika bonde hilo hilo la ufa lililo na Ziwa Albert, na watu wa Kigoma husema: kama wao wanayo, kwa nini sisi tusiwe nayo? Katika miaka ya 1980 kampuni ya Amoco ya Marekani ilitoboa upande wa Burundi, katika bonde la Ruzizi, ikatoka mikono mitupu. Ikatoboa kwetu katika bonde la Rukwa, huko Ivuna na Galula, ikatoka vile vile. Mwaka 2010 kampuni ya Beach ya Australia ilipewa kitalu cha kusini ya Ziwa Tanganyika, ikapima kwa mitetemo, kisha ikaondoka bila ya kutoboa. Na Kenya, walioyapata huko Turkana mwaka 2012 kwa shangwe, waliyasafirisha kwa malori mpaka Mombasa, wakapakia meli ya kwanza Agosti 2019, na mwaka uliofuata kazi ya malori ikasimama.

Na sisi wenyewe? Wengine hapa hawajui kwamba visiwa hivi vimeshatobolewa. Baina ya mwaka 1952 na 1964 makampuni ya BP na Shell yalipewa pwani yetu yote kuitafutia mafuta. Yalitoboa kisima kirefu kimoja Unguja, kimoja Pemba na kimoja Mafia, kisha yakarudisha kibali yakenda zao. Lililopatikana katika pwani hii lilikuwa gesi, nalo lilipatikana na Agip mwaka 1974 katika kisiwa cha Songo Songo, Kilwa. Gesi ile ililala miaka 30. Ilikuwa Julai 2004 ndipo ilipofika Ubungo kuendesha mashine za umeme. Na visima vyake vya mwanzo, kwa kungoja muda wote ule, mabomba ya baadhi yao yalikuwa yameshaliwa na kutu, ikabidi vitengenezwe na vingine vipya vitobolewe. Na nguvu ya gesi ilipopungua ikabidi mwaka 2022 zitumike mashine za kuisukuma. Kisiwa kidogo kile kimeshaonja hatua zote nilizokutajieni, kungoja, ujana na uzee.

Hapa nafika penye jambo la chama. Mwaka 1968 mafuta na gesi yalitiwa katika orodha ya Mambo ya Muungano. Watu wa visiwa hivi walilinung'unikia jambo hilo kwa miaka mingi, na mwaka 2009 Baraza la Wawakilishi likaazimia yatolewe. Mwaka 2015 Bunge likapitisha sheria iliyoiachia Zanzibar isimamie mafuta yake kwa sheria yake, ijapokuwa orodha ya Katiba haikuguswa. Mwaka 2016 Baraza likatunga sheria yetu. Mwaka 2017 bahari yetu ikapimwa kwa meli, na Oktoba 2018 ukatiwa saini mkataba na RAK Gas ya Ras al-Khaimah juu ya kitalu cha Pemba na Unguja. Mwaka 2024 vikanadiwa vitalu vingine vya baharini. Tulipigania haki ya kuwa na mhuri wetu, na haki ile ilistahiki kupiganiwa. Lakini nionavyo mimi tulipoupata mhuri tulikaa chini tukapumua, kana kwamba mhuri ndio mafuta; na swali lililo kubwa zaidi hatukuliuliza kwa sauti ile ile.

Swali hilo ni la daftari. Mikataba hii ya kugawana mafuta haikupasheni kuiogopa, kwani mfano wake mnaujua tokea chuoni: ni kama mudharaba. Mmoja ana mali, mwengine ana pahala au kazi. Faida haigawiwi mpaka mtaji umesharudi kwa mwenyewe. Katika mafuta mwenye mtaji ni kampuni. Kisima kikiwa kikavu, khasara ni yake, nasi hatumlipi. Kisima kikitoa, kwanza hujilipa gharama zake kutoka katika mafuta yenyewe mpaka kipimo kilichokubaliwa kila mwaka, na kinachobakia ndicho kinachogawiwa baina yake na serikali. Ni mapatano ya haki, kwa sharti moja: kwamba gharama zimeandikwa kwa ukweli, na mtu wetu anao uwezo wa kuzisoma. Mwenye duka yeyote aliyewahi kushirikiana na mwenye mtaji anajua kuwa ugomvi hauji siku ya kugawana faida, bali huja siku ya kuuliza: lori lile lilikodiwa kwa kiasi gani, na nani aliandika? Bomba la Tanga lilikisiwa mwanzoni kwa dola bilioni tatu na nusu. Baadaye ikatajwa bilioni tano na zaidi. Kila dola iliyozidi itarudi kwa mwenyewe kabla ya mwenye nchi kugusa kitu. Na katika gharama za gesi ya Songo Songo ulizuka ubishi mkubwa Bungeni mwaka 2011. Wakaguzi wa upande wa serikali wakizitilia shaka gharama za mamilioni ya dola, na kampuni ikikataa.

Na tazameni wakati. Miaka ya mwanzo, wakati kisima kingali na nguvu, ndiyo miaka ambayo gharama hulipwa. Kwa hivyo sehemu kubwa ya mafuta ya ujana huenda kwa mwenye mtaji, na fungu la nchi hukua wakati ambapo kisima kimeshaanza kuzeeka. Mtu asiyelijua hilo atakuja kulaumu serikali iliyopo siku hiyo, iwe ya nani, kwamba imeiba. Na mtu anayelijua ataweza kutenga wizi na hesabu. Chama kinachotaka kushika serikali hakiwezi kuwa cha mtu wa kwanza.

Kwa hivyo nimeleta ombi, na ninaliomba kwa adabu mbele ya Mwenyekiti. Mikataba ya vitalu vyetu itakwe hadharani Barazani, isomwe kwa Kiswahili, na isomwe sasa ambapo hakuna pipa la kugombaniwa. Mambo ninayotaka mimi kuyajua ni machache: kampuni itajilipa gharama mpaka sehemu ngapi katika mia kila mwaka, nani mkaguzi wa daftari, na ana miaka mingapi ya kupinga hesabu, vijana wetu wangapi wamepelekwa kusoma kazi hiyo ya ukaguzi, si ya kuendesha gari la kampuni, na mvuvi wa Kojani au wa Nungwi, bahari yake ikizuiliwa meli zipite kupima, atalipwa na nani na kwa kipimo gani. La mvuvi ndilo la haraka, kwa sababu kupimwa kwa bahari huja kabla ya kisima, na huja hata kama kisima hakiji.

Najua wako watakaosema kwamba maneno haya yatawafukuza wenye mitaji. Mimi nimefanya biashara miaka 20 na zaidi ugenini, na bado sijamwona mwenye mtaji wa kweli aliyekimbia kwa kutakiwa aandike. Anayekimbia daftari mwacheni akimbie, mkapata nafasi dukani.

Katibu anayo karatasi niliyoyaandika maswali hayo, na ninamwomba awapitishie wanachama waongeze yao kabla ya kupelekwa kwa wawakilishi wetu. Mimi nitakuwapo hapa mpaka alasiri kwa kila aliye na suala. Kesho nasafiri kwa boti ya asubuhi, na kutoka hapo nina siku tatu za njia mpaka Buhigwe.